Kufuli Nililoapa Kutoligusa

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu ana jozi tatu za viatu. Mwezi huu amekwenda kwa fundi viatu mara tano. Hesabu gani hiyo? Leo kabeba vile vyeusi, soli nzima kabisa, nimezikagua mwenyewe. Nikamuuliza vina nini. Akasema vinambana. Miaka minne vilikuwa havimbani!

Huyu fundi viatu wa kona simpendi, na kwenye daftari langu mwenyewe sina sababu ya kuficha. Mwaka jana kanunua mashine ya kuchonga funguo. Mimi fundi kufuli wa miaka thelathini, yeye mtu wa gundi na misumari, tugawane wateja. Sasa naona anataka tugawane na nyumba.

Mke wangu amerudi anaimba. Hajaimba tangu binti yetu aondoke, miaka sita iliyopita. Mambo ya binti sitaki kuyaandika. Kaingia chumbani, nikasikia kasha lake la bati likifungwa.

Jumanne, 5 Machi

Kufuli la kasha hilo nililitengeneza mimi, wiki ya harusi yetu. Ujana bwana! Nilijigamba mbele ya wakwe kwamba hakuna fundi atakayelifungua bila ufunguo wake, hata mimi mwenyewe. Ufunguo wa pili nikausaga kwa tupa wakiniangalia. Nikaapa kwamba hiki ni kitu cha mke wangu na sitakigusa maisha. Vigelegele hivyo!

Leo nimehangaika nalo dakika arobaini, na waya tatu. Jasho mpaka miguuni. Halikutikisika. Nilikuwa fundi kweli.

Jumatano, 6 Machi

Akili ni mali. Ufunguo anauvaa shingoni, ila akioga huutundika kwenye msumari nje ya bafu. Nikaja na kipande cha sabuni ya kufulia, nikaubana, umbo likatoka safi. Mchana nikauchonga karakana. Dhamiri ilinisemasema kidogo. Nikaongeza sauti ya redio.

Alipokwenda sokoni nikafungua. Barua tele! Nilisoma ya juu tu, maana geti lililia. Imechapwa kwa mashine, haina jina. Nainukuu: “Jumamosi saa saba mchana nitakuja. Asijue mpaka nigonge mlango. Nimechoka kujificha. Wako.”

Asijue! Asiyejua ni mimi! Nimekaa kitandani kama mgeni. Miaka ishirini na sita, jamani.

Alhamisi, 7 Machi

Dawa ya moto ni moto. Nimekwenda duka la kuchapa na jibu langu, kana kwamba limetoka kwake: “Usije Jumamosi wala siku nyingine. Mlango huu umefungwa. Usiandike tena.” Dada wa kuchapa akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia kazi yake ni kuchapa.

Bahasha, bila jina juu, nikaisukuma chini ya mlango wa fundi viatu kabla hajafungua kibanda. Nimerudi nikipiga mluzi. Chai ilikuwa tamu ajabu.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu aliamka akafua mapazia. Akapika wali na kuku, mzima. Akatandika meza, sahani tatu. Nikasema moyoni, huyu mwanamke ana ujasiri, mgoni amepangiwa sahani pamoja na mimi! Nikasimama nyuma ya mlango na nyundo ya kazi. Nia yangu ilikuwa kumtisha tu.

Saa saba, kimya. Nikachekea tumboni. Saa nane akatoka kuchungulia barabarani. Saa tisa akafunika vyakula, akakaa, akaniambia niweke nyundo chini nimsikilize.

“Baba, leo mwanao alikuwa anakuja.”

Nilimuuliza mwanangu yupi. Swali la kijinga, tuna mmoja.

Akanieleza taratibu. Wanaandikiana mwaka wa pili sasa, fundi viatu ndiye posta yao, kwa sababu kwangu hakuna kitu kinachobaki kimefungwa. Binti anafanya kazi ya kuchapa ofisini, barua zake huzichapa hukohuko. Mwaka mzima mama mtu amembembeleza anisamehe. Mwezi huu ndipo alipokubali.

Kosa langu nalijua, na sasa acha niliandike. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Nilifungua droo yake, nikasoma barua za mpenzi wake mezani, kwa sauti, mbele ya shangazi zake. Nilidhani nachekesha. Aliondoka na mfuko mmoja.

Mke wangu akavaa kanga begani akaenda kwa fundi viatu. Karudi na jibu lililonyooka. Bahasha aliikuta chini ya mlango, akadhani imetoka kwa mke wangu kama kawaida, akampelekea binti ofisini kwake. Binti aliisoma amesimama, akarudi ndani bila kuaga.

Akaniuliza kitu kimoja tu. “Umefungua kufuli langu?”

Nikasema lilikuwa wazi. Akaniangalia. Nikasema ndiyo, nimefungua. Wali umepoa, hakuna aliyekula. Najuta mpaka mifupa inauma.

Jumapili, 10 Machi

Nimeandika kwa mkono wangu, karatasi nne. Kwamba jibu lile ni langu, mama yake hajui kitu. Kwamba sina udhuru. Nikazipeleka mwenyewe kwa fundi viatu. Hakunicheka. Angenicheka ningepumua. Aliniita kaka, akanipa kigoda nikae.

Alhamisi, 14 Machi

Jibu limekuja, kwa jina la mama yake. Amelisoma jikoni akifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akaja na kufuli jipya la kasha. La dukani! Limetoka kwa fundi viatu! Lile langu la harusi amelitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, na ufunguo wake.

Akasema binti atakuja Jumapili saa saba. Barua ina maneno ya kuniambia mimi, binti atanisomea mwenyewe akifika. Sharti moja, nisiiguse kabla.

“Kufuli hili hata kwa njiti utalifungua,” akaniambia. “Nimelichagua kwa sababu hiyo.”

Nikaapa. Safari hii kwa machozi, si kwa kujigamba.

Jumamosi, 16 Machi

Nimebadilika, kila mtu anaona. Nimefua mapazia mwenyewe. Nimepita mbele ya kasha mara kumi na moja, mikono nyuma. Sitaki kujua aliandika nini. Kama ameniita baba au ameniita yule mzee, kesho si mbali.

Ila nimelitazama lile kufuli kwa jicho la kitaalamu tu. Kavu kabisa! Fundi viatu hajui hata kutia mafuta. Kesho binti anafika, mama yake anazungusha ufunguo, linakwama mbele ya mgeni, na barua iko ndani. Lawama ya nani? Yangu, fundi wa nyumba.

Mke wangu yuko bafuni. Kichupa cha mafuta ninacho, tone moja linatosha. Na kufuli halitiwi mafuta likiwa limefungwa, kila fundi anajua hilo.