Nano Kwenye Kitambaa cha Tsvetana

Alhamisi, 10 Aprili
Nimepata! Leo palikuwa na mhadhara wa nanoteknolojia ukumbini. Nilikwenda kwa sababu Tsvetana, mjane wa ghorofa ya pili, alikwenda. Gancho mwenye bucha naye alikwenda, kwa sababu hiyohiyo. Akakoroma. Mimi nikasikiliza. Kata milimita moja vipande milioni: kipande kimoja ndiyo nanomita. Chembe za udogo huo zinatiwa kwenye dawa, kwenye mafuta ya kuzuia jua, hata kwenye soksi zisinuke. Na kuna dawa ya kupuliza: kitambaa hakishiki maji wala doa. Tsvetana alisema, "Makubwa!" Alisema akinitazama mimi. Au saa ya ukutani iliyokuwa juu yangu.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimenunua chupa. Kesho Jumapili ya Matawi, sikukuu ya jina la Tsvetana: kwetu, wenye majina ya maua hupokea wageni siku hiyo. Gancho ataleta maua. Hana akili. Mimi nitaleta sayansi. Nimemwomba Tsvetana kitambaa cha meza alichodarizi marehemu mama yake, eti nikampigie pasi. Alisita. Akaniapisha kisirudi na doa. Nimekipulizia mara tatu. Paka wangu kahama nyumba kwa harufu.

Jumapili, 13 Aprili
Wageni tele kwa Tsvetana, kitambaa kimetandikwa. Nikasimama, nikaeleza nanomita. Gancho akadakia, "Velko, bwana, samaki anapoa!" Nikamimina glasi nzima ya divai nyekundu mezani. Tsvetana akapiga yowe: "Kitambaa cha mama!" Wapi! Divai haikuzama. Ikajikusanya matone kama shanga, ikateleza. Nani alijua meza imeinama? Yote ikaishia mapajani mwa Tsvetana. Gauni jipya, rangi ya maziwa.

Lakini kitambaa hakina doa! Nilisema hivyo. Nilisema mara mbili. Hakuna aliyepiga makofi. Gancho alileta chumvi ya kunyonya divai, akapiga magoti, akaambiwa, "Asante, Gancho wangu." Gancho wangu!

Jumatano, 16 Aprili
Tsvetana kanisimamisha mlangoni. "Velko, chupa ile nisiione tena kwangu." Sawa. Nimeitupa. Mimi ni mtu msikivu. Kosa lilikuwa dogo tu: ile nano ilikuwa ya vitambaa. Muuzaji anayo nyingine, ya marumaru. Ukipaka, anasema, hakuna kitakachoshika pale, hata vumbi. Ngazi zetu ni za marumaru. Nimezipaka zote, kuanzia mlango wa Tsvetana hadi chini. Atashangaa!

Namsikia anatoka kwenda kanisani. Viatu vipya. Gancho kamshika mkono.