Kalibu Yangu na Bunduki ya Marehemu Mkwe

Jumatatu, 7 Julai

Mama mkwe ametoa hukumu. Bunduki ya marehemu mzee Einar, ile ya wenzo, unayoikoki kwa kusukuma kishikio cha chini mbele na kukirudisha, haiuzwi. Mimi na shemeji yangu Galen tutaipiga kwa zamu kwenye maonyesho ya wilaya mwezi ujao, kila mtu na risasi alizotengeneza mwenyewe. Atakayeangusha kondoo wengi ndiye mrithi. (Kondoo wa chuma. Wa kweli hawana kosa.)

Galen ni mtoto wa kuzaa. Mimi nimemwoa tu dada yake, Marlys. Lakini goti la mzee lilipokataa, nani alimshika mkono hadi juu ya mlima? Mimi. Nani alibaki garini akitafuna soseji za kulungu? Galen.

Mtutu ule ni wa zamani, umelika. Risasi za dukani zinapita humo kama mguu wa mtoto kwenye buti la baba. Inatakiwa kalibu ya kuagiza, chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyuka yagande kuwa risasi, iliyochongwa kwa kipimo cha mtutu wenyewe. Atakayechagua kalibu nzuri ndiye atakayeshinda. Sijakaa kitini tangu kahawa ya asubuhi.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda kwa mama mkwe kurekebisha bomba la jikoni. Halikuwa na shida. Alipotoka kulisha kuku niliingia stoo, nikachukua bunduki, nikapitisha kipande laini cha madini ya risasi ndani ya mtutu kwa kijiti na nyundo. Kikitoka upande wa pili, kinakuwa na unene wa mtutu. Mama mkwe akauliza kutoka uani mbona bomba linapiga kelele hivyo. Nikasema ni kutu. Nikakipima harakaharaka kwa kifaa cha kupimia nati cha pale kazini. Ajabu: mtutu si mpana kama nilivyodhani. Risasi nyembamba itatosha.

Mchana nikamkuta Galen mgahawani. Akaniuliza kama nina fununu yoyote. Nikamvuta pembeni. Nikamwambia, shemeji, usiseme umesikia kwangu, mtutu ule umepanuka vibaya sana, agiza kalibu ya risasi nene kuliko zote.

Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Asante, shemeji. Mwingine angenificha."

Nikamlipia pai aliyokula. 

Ijumaa, 11 Julai

Nimempigia simu Thora, fundi wa kalibu kule Idaho. Nilimwambia nataka risasi yenye ncha kali kama sindano. Akakataa katakata.

"Kaka, bunduki yako inabeba risasi ndani ya bomba, moja nyuma ya nyingine. Pua ya hii inagusa fataki, kile kiwashio cha baruti, kitakoni mwa mwenzake iliyo mbele. Ukiweka ncha kali, bomba zima linaweza kukulipukia. Mimi nachonga pua bapa."

Sawa, bapa. Lakini iwe ndefu na nzito, kondoo aanguke hata akiguswa sikio. Akauliza kama nimepima urefu ambao bunduki inaweza kuumeza. Nikasema ndiyo. (Sikupima. Bunduki iko kwa mama mkwe, na bomba lilikwishapona.) Akaniomba nipime tena na unene. Nikamwambia mimi si mtoto.

Marlys alikuwa akisikiliza huku akikunja nguo. Akasema, "Norval, pima tena." Nikamweleza kwamba mambo ya bunduki yana undani wake. Akanikumbusha amekua na bunduki ile nyumba moja. Nikatoka nje kutembea. Nimezunguka ghala mpaka mbwa akachoka kunifuata.

Ijumaa, 15 Agosti

Kalibu imefika. Vipande viwili vya shaba vinavyofumbata kama mikono inayosali. Nimekula nikiitazama.

Jioni nikayeyusha vile vipande vizito vya madini ya risasi vya kusawazishia magurudumu, nilivyopewa na fundi wa matairi. Jiko la nje, upepo mzuri, glavu, miwani. Kila kitu kwa utaratibu, isipokuwa sufuria. Risasi za mwanzo zilitoka na makunyanzi kama zabibu kavu, maana kalibu ilikuwa baridi. Ilipopata moto, zikaanza kudondoka safi. Ndefu. Nzito. Nilimwita Marlys aje kuzitazama.

Akatazama sufuria. Ni ile anayopikia jamu, na matunda pori yameiva.

"Hiyo sasa ni ya sumu," akasema. "Hairudi jikoni kwangu. Na wewe nawa mpaka viwiko ndipo uguse mkate."

 Nimenawa mara nyingi ili aone.

Jumapili, 17 Agosti

Galen amemwomba mama yake bunduki akajaribu risasi zake. Akapewa. Kumbe ilitosha kuomba tu. Akapita hapa kuniuliza kama nitafuatana naye nijaribu zangu. Nikakataa. Mtu haonyeshi silaha yake kwa adui.

Nikabaki nikizitia risasi zangu kwenye maganda yenye baruti na kuzipanga dirishani. Milio ikasikika kutoka bondeni. Baada ya kila mlio, ting. Mlio, ting. Sikuipenda ile ting. Nikafunga dirisha. Ikaingia hivyohivyo.

Jumamosi, 23 Agosti

Niandike upesi nimalize.

Galen alianza. Kondoo wa chuma wakaanguka mmoja baada ya mwingine kule mwisho wa uwanja. Aliyebaki amesimama ni mmoja tu, naye aliyumba.

Zamu yangu. Nikajaza. Nikasukuma wenzo, ukaenda nusu, ukagoma. Risasi ndefu mno, imekwama njiani. Nikavuta. Nikabembeleza. Nikaitukana kimoyomoyo.  Galen akaja na kisu chake kidogo, akaitoa taratibu, wala hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mwamuzi akaniruhusu nitie moja moja kwa mkono. Zikatoka, lakini zilikuwa nyembamba, zikaenda zikipinduka hewani. Moja iliinua vumbi mbele ya kondoo. Moja iliinua vumbi nyuma yake. Moja ikamwangusha kuku wa chuma, shabaha ya mama mmoja aliyekuwa akipiga mstari wa jirani. Alishukuru. Mimi sikupewa alama ya kuku.

Kisha Galen akavua kofia mbele ya watu.

"Ushindi huu ni wa shemeji Norval. Ndiye aliyeniambia mtutu umepanuka, niagize nene. Bila yeye nisingemgusa hata kondoo mmoja."

 Kumbe nilipima vibaya. Uongo wangu ndio uliokuwa kipimo sahihi.

Mama mkwe akanishika uso kwa mikono yake miwili, machozi yakimtoka. Akasema Einar hakukosea kuniita mwanawe. Sikujua mzee aliwahi kuniita hivyo. Nilitazama buti zangu muda mrefu.

Garini Marlys akasema, "Ulimdanganya, si ndiyo?" Nikasema jambo lenyewe lina pande nyingi. Alicheka mpaka akasimamisha gari kando ya barabara.

Jumanne, 26 Agosti

Galen amekuja na bunduki na pai. Anasema dhamiri haimruhusu kuikalia peke yake. Tutaitumia wote, na msimu ukifunguliwa tutapanda mlimani pamoja, kama alivyotaka mzee. Amejaribu hata kulia kidogo. Nami karibu nimfuate.

Kisha akauliza, kwa kuwa mzee alinionyesha mimi njia zote za mlimani: wale kulungu wakubwa wanapita wapi siku hizi?

Niliapa moyoni kusema kweli. Nikafungua mdomo. Nikausikia unasema mashariki, nyuma ya kinu kilichobomoka. Hakuna kulungu nyuma ya kinu. Tangu nihamie huku sijaona hata kinyesi chao. Wanapita magharibi, kijitoni.

"Wewe ni ndugu kweli," Galen akasema, akaondoka kwa furaha kwenda kutafuta nyayo zao.

Nikakaa. Nikasimama. Nikaenda dirishani. Kwa sababu mara ya mwisho nilipomdanganya mtu huyu, kilichotoka mdomoni mwangu kilikuwa kweli tupu, na nilichokijua mimi kilikuwa upuuzi.

Mashariki, basi. Lazima wako mashariki.

Nimevaa buti. Nikitoka sasa hivi nitafika kwenye kinu kabla ya Galen.