Fahali Aliyekimbilia kwa Jivraji

Jumatatu, 3 Juni 1912

Leo nimetafuna pande moja la nyama mbele ya Bwana Bushiri mpaka taya likakaza. Tangu daktari aning'oe magego, nyama ya Dodoma imenishinda. Lakini Bushiri ndiye muuza nyama, tena ndiye baba yake Arafa, na ameshatangaza barazani kwamba hamwozi binti yake kwa mwanamume asiyekula nyama. Nikalificha pande shavuni, nikasifu uchinjaji wake, nikaenda kulitema nyuma ya stesheni.

Kisha moja kwa moja kwa Jivraji, mlango wa uani. Mhindi huyu ana mkahawa wa mabenchi mawili tu. Dini yake haimruhusu nyama, wala samaki, wala yai. Dengu laini, chapati za samli, bilingani lisilohitaji jino. Nikala mpaka nikaona haya. Nikamwomba asimwambie mtu. Akaniuliza tangu lini kula dengu kukawa wizi.

Jumanne, 4 Juni

Hamidi wa tiketi, tunayefanya naye kazi stesheni, naye anamtaka Arafa. Ana meno yote, na huyaonyesha bila sababu. Leo kaviona vidole vyangu vilivyoiva manjano ya mchuzi. Akauliza mbele ya abiria kama naumwa ini au nakula kwa Jivraji. Nikasema ni wino. Akataka kujua ni ofisi gani hiyo yenye wino wa manjano. Simpendi kabisa mtu huyu.

Jumatano, 5 Juni

Nimevisugua vidole kwa sabuni na jivu. Manjano hayakutoka. Yamegeuka mekundu, kumbe bizari ya mchuzi ikikutana na sabuni hubadilika rangi! Vidole, kiganja, hadi mkono wa kanzu. Na ni nani nikutane naye njiani? Nikamwamkia Bushiri shikamoo huku mkono nimeuficha mgongoni. Akaukamata, akaugeuza, akauliza. Nikasikia mdomo wangu ukisema natoka kuchinja mbuzi.

Akanikumbatia. Akasema kumbe alinidharau bure, na kwamba Ijumaa baada ya sala nitamchinjia fahali wa karamu yake, halafu tuzungumze habari za Arafa. Nilifurahi hadi nilipofika nyumbani. Sijapata kuchinja hata kuku.

Alhamisi, 6 Juni

Nilikusudia kuugua. Hamidi akanusa jambo, akaenda kumwambia Bushiri kwamba nikiugua yeye yupo tayari na kisu chake. Kwa hiyo siwezi hata kuugua. Nimepata shauri bora: kesho nitailegeza kamba ya fahali. Atashika njia ya Miyuji, atokomee porini, nami nitabaki nasikitika na wenzangu.

Ijumaa, 7 Juni

Kamba niliilegeza. Fahali hakwenda Miyuji. Alifuata harufu ya maganda ya mboga hadi uani kwa Jivraji, akajilaza.

Mimi, Bushiri na Hamidi tukafika mbio na visu. Jivraji kasimama mlangoni na upawa mkononi, akasema kwa adabu kwamba mnyama amekuja kwake mwenyewe, na katika ua wake haimwagiki damu. Bushiri akasema basi atakaa hapo hapo mpaka fahali atoke. Fahali alikuwa anakula chapati, hakuona haja ya kutoka. Bushiri akashikwa na njaa. Jivraji akamletea dengu. Kisha, kwa wema wake unaoniudhi, akanitengea na mimi sahani, akisema ni kama kawaida yangu, isiyo na kitu kigumu.

Bushiri akaitazama sahani yangu, kisha mdomo wangu. Hamidi akacheka meno yote nje. Nilitamani kulala pale karibu na fahali.

Jumamosi, 8 Juni

Arafa kaniita uani kwao, shangazi yake Sikudhani akiwa ameketi karibu. Kanieleza kwamba baba yake naye hana magego. Mwaka mzima yeye Arafa ndiye anayemtwangia nyama kwenye kinu kwa siri, maana muuza nyama asiyetafuna ataaibika. Jana baba alikula sahani mbili kwa Jivraji, akarudi anacheka. Dengu zangu amezisamehe, uongo wa mbuzi hajausamehe. Kesho watu wa Hamidi wanakuja kuposa. Niwatangulie, niseme kweli kuhusu meno yangu, basi. Na akasema, bila kuona haya mbele ya shangazi, kwamba ananitaka mimi.

Nimeapa. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Jumapili, 9 Juni

Nimefika mapema, kanzu safi. Bushiri akaniuliza kwa upole, kama baba, meno yangu yamepatwa na nini. Jibu lilikuwa tayari: daktari. Hapo hapo watu wa Hamidi wakaingia, Hamidi mbele, anatabasamu. Nikaona daktari ni jibu dogo mno.

Nikasema ni simba, kule Busi, tulipigana.

Arafa, nyuma ya pazia, akaangusha kitu. Bushiri akafumba macho. Akasema vema, ana subira hadi Jumanne, nimletee ngozi, kisha akaagiza watu wa Hamidi wapewe kahawa.

Nimetoka sasa hivi kwa Yotham mwindaji. Ya simba hana. Anayo ya fisi, kubwa, ina madoa machache. Jioni, ikitazamwa kwa mbali, itafaa.