Vita vya Mikia Miwili Isiyo na Wino

Sogeeni, enyi mlioshiba na mlio na njaa, zimeni redio na watulizeni watoto, maana leo hawasifiwi wafalme wala majeshi. Hao wamekwisha kusifiwa wakavimbiwa. Leo inasimuliwa siku ile Shangazi, Mlezi wa Vizimba, Mshika Mikia, mwanamke asiyepata kuumwa na panya kwa miaka kumi na tisa, alipoyaendea matumbo mawili yaliyojificha ndani ya ngozi zinazofanana, akataka kuyajua kabla ya saa sita mchana.

Na ijulikane kwa wasiojua: mtoto wa panya huzaliwa na utumbo wa kunyonya. Maziwa huyamudu barabara, lakini ukimpa sukari ya chai atahara, kwa kuwa kimeng'enya cha kuivunja bado hakijaumbika tumboni mwake. Huja wiki ya tatu, wakati tezi mbili ndogo zilizokalia figo zinapomimina homoni kwenye damu na kuuambia utumbo kwamba ziwa linakwisha, ujiandae kwa kazi. Katika maabara ile palikuwa na watoto wanane wa mama mmoja, wenye siku kumi na tano, na wanne kati yao walikuwa wamedungwa homoni hiyo mapema. Kwamba matumbo yao yangeamka, vitabu vilikwisha kusema. Mtafiti, binti mwembamba mwenye miwani mikubwa, alitaka kujua kama wangeweza kuachishwa ziwa siku ile, wale rojo la nafaka na sukari, na bado wanenepe.

Waliodungwa walikuwa na mistari miwili ya wino mkiani, wasiodungwa mmoja. Asubuhi Shangazi alifungua kizimba akahesabu: mikia mitatu yenye mistari miwili, mitatu yenye mmoja, na miwili mitupu kama siku ya kuzaliwa. Mama yao alikuwa ameiramba ikatakata.

"Shangazi, nimekwisha!" alisema Mtafiti. "Mmoja kadungwa, mwingine hakudungwa, na wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Nikimwachisha ziwa asiye tayari, atahara mpaka afe. Nikiwatoa wote wawili, Profesa akija saa sita atasema kundi limepungua, nianze upya. Miezi minane, Shangazi!"

Shangazi alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni. Akasimama wima, akanyoosha koti lake jeupe, akahutubia.

"Mwanangu, keti. Kosa si lako wala si la panya. Mimi ninayewafundisha watu wote humu kupuliza wino na kuhesabu mpaka sitini ukauke, jana nilifika ishirini nikawarudisha kwa mama yao, kwa sababu nilikuwa nammalizia mlinzi habari za harusi ya mpwa wangu. Nimelikoroga, nitalinywa."

Aliwapandisha mizani: gramu ishirini na nane, na ishirini na nane. Akawageuza huku na huku, asione tofauti yoyote. Ndipo akakumbuka kwamba hajajipima, maana kisukari kilikuwa kimemkalia mwaka wa sita, akatia mkono kwenye mkoba na kutoa mashine yake ya kupimia sukari. Mkono ukagota hewani.

"Tuliulize tumbo lenyewe," alisema polepole. "Tuwape wote maji ya sukari. Anayeweza kuivunja, sukari ya damu yake itapanda. Asiyeweza, itabaki chini."

"Una vijiti vya kupimia vingapi?"

"Vitatu. Viwili vyao, kimoja changu."

Basi majemadari wawili wakawatenga na ziwa kwa saa mbili, wamefunikwa kitambaa chini ya taa ya joto, ili maziwa yasije yakatoa ushahidi wa uongo. Wakamwita mmoja Kulia na mwingine Kushoto. Saa tano na robo walidondoshewa maji ya sukari mdomoni, tone baada ya tone, kisha ikangojwa nusu saa sukari ifike kwenye damu.

Kushoto alichomwa ncha ya mkia. Alijibu shambulio kwa kumkojolea Shangazi glavu, na tone la damu likatoka dogo mno. Mashine ikakataa kusoma. Kijiti cha kwanza kikaanguka vitani.

"Sasa vimebaki viwili," alinong'ona Mtafiti. "Na chako je?"

"Changu kitasubiri, nitapitia zahanati jioni. Mimi niliachishwa ziwa zamani."

Akaukamua mkia ule taratibu, kwa mkono uliotulia. Kushoto: nne nukta nane. Akamgeukia Kulia, na Mtafiti akafumba macho. Nane nukta saba!

"Huyu!" alipaza sauti Shangazi, na machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. "Huyu ndiye mla rojo! Andika daftarini, mwanangu, andika yote. Na harusi uiandike."

Saa sita kamili Profesa aliingia, akasoma daftari akiwa amesimama, akarudia mstari mmoja mara mbili.

"Hii harusi ni ya nani?"

"Ya mpwa wangu, Profesa," alijibu Shangazi. "Na kosa ni langu."

Profesa alivua miwani. "Kosa nimeliona. Dawa yake pia nimeiona, na ingenichukua wiki kuifikiria. Haya, Shangazi, tia alama."

Shangazi alichora mistari miwili kwenye mkia wa Kulia na mmoja kwenye mkia wa Kushoto, akapuliza, akahesabu kwa sauti, na ilipofika arobaini wote watatu walikuwa wakihesabu pamoja mpaka sitini. Kushoto akarudishwa kwa mama yake, naye mama akauramba mkia ule kwa bidii zote za uzazi, na wino usibanduke.

Basi vizazi vijavyo na viambiwe. Kesho yake asubuhi Kulia, baada ya usiku wake wa kwanza bila ziwa, alipandishwa mizani mdomo umejaa rojo, naye alikuwa na gramu ishirini na tisa.