Hodi ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi
Barua pepe imefika! Mwekezaji anakuja Jumamosi asubuhi. Anataka kuona kwa macho yake "jumuiya inayotumia Hodi". Nimeisoma barua mpaka nikaenda kunawa uso.

Jumuiya hiyo ni mimi, dada yangu, na mama, aliyeipakua akidhani ni tochi.

Hodi ni programu yangu ya simu. Wazo limenyooka. Mtu anabisha, unauliza nani, anajibu "Mimi." Mimi gani? Dunia nzima ni mimi! Ukiwa na Hodi, jirani anagusa simu yake, yako inalia, unaona jina na shida yake, unachagua kumkaribisha au la. Ujirani bila usumbufu. Niliacha ajira kwa ajili ya sentensi hiyo.

Dada ni nesi. Yeye amepanga nyumba hii; mimi nimepanga meza yake ya kupigia pasi. Amesema Jumamosi ikipita bure, wiki ijayo naanza kazi kwa mjomba, ofisi ya bima, dawati lililopakana na choo. Wameshaongea. Wamekubaliana bila mimi, kama watu wanaouziana mbuzi.

Nimejiwekea ratiba ya afya. Maji, usingizi, matembezi. Simu itaniambia "Pumua" kila saa.

Jumanne, 4 Machi
Nimepita mlango kwa mlango kuitangaza Hodi. Ndiyo, nikibisha hodi. Mstaafu wa ghorofa ya pili alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: kama nimeshabisha, na yeye ameshaitika, simu ni ya kazi gani? Nikamweleza upya. Akasema basi nikae. Nikasema nina haraka, najenga jumuiya.

Hakuna aliyepakua. Sababu naijua. Sababu ni benchi.

Ni la fundi cherehani wa chini, liko nje ya mlango wake, na jengo zima hukaa hapo. Nani anaumwa, nani kasafiri, nani kanuniana na mumewe, yote yanajulikana benchini bila chaji wala bando. Kwenye mpango wangu wa biashara nimemwandika fundi kuwa mshindani mkuu. Yeye hajui. Leo kaniita mwanangu, akasema blauzi yangu imekatika kifungo, nimwachie mara moja. Nikakataa. Sipokei kifungo kutoka kwa mshindani.

Jumatano, 5 Machi
Mpango! Nimejitolea kulipaka benchi rangi. Fundi alifurahi mpaka nikaona haya, lakini kidogo tu. Rangi ya bluu, ya mafuta, na mafuta nimeyazidisha makusudi. Haitakauka wiki hii. Wakikosa pa kukaa, watahamia Hodi.

Jioni. Wamehamia kwenye ngazi. Ngazi yetu! Wanachekea mbele ya mlango wangu. Niliposhuka kukagua benchi, nikaliegemea. Sketi yangu pekee ya kuonana na wawekezaji sasa ina mistari ya bluu matakoni.

Alhamisi, 6 Machi
Sijala tangu jana. Nilikuwa natengeneza mlio wa Hodi, uwe na upole wa kibinadamu, simu ikaniambia "Pumua". Nimeizima.

Asubuhi mtu alibisha. Nikauliza nani. "Mimi." Nikaendelea na mlio wangu. Akabisha tena, taratibu, kisha nikasikia kitu kinawekwa sakafuni. Dada aliporudi kutoka zamu akakuta chupa ya chai mlangoni. Ya fundi. Alinisikia nikikohoa.

Dada hakunigombeza. Aliuliza tu kama nimeshakwenda kumwona rafiki yangu aliyejifungua. Nikasema nimemtumia mwaliko wa kupakua Hodi. Akanitazama kama anavyotazama majibu mabaya ya maabara.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeanguka ngazini. Kizunguzungu. Nilipozinduka nilikuwa juu ya marobota ya vitambaa kwa fundi, miguu imeinuliwa, mstaafu akinipepea kwa gazeti. Jengo zima limenizunguka, kila mtu na simu mkononi, wanaulizana nani ana namba ya dada.

Simu zote zile! Nikawaomba, kwa sauti ya mgonjwa, waipakue Hodi. Wamepakua! Aliyelala chini hakataliwi. Mstaafu aliuliza sasa abonyeze wapi ili nipone. Fundi pekee hakupakua, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeshika kichwa changu.

"Mwanangu," akasema, "kula kwanza."

Akanishonea kifungo nikiwa nimelala. Sikuwa na nguvu ya kukataa. Nimekiangalia sana usiku huu. Hakikatiki.

Jumamosi, 8 Machi
Dada yuko zamu mbili mfululizo, atarudi kesho. Nilikaa wima mezani tangu alfajiri, bluu ya sketi nimeifunika kwa mtandio, simu mbele yangu. Tulikubaliana kwamba mwekezaji akifika abishe kwa Hodi, aijaribu mwenyewe.

Simu kimya. Badala yake, mlango! Leo hii! Nikauliza nani. Sauti ya mwanamume ikasema, "Mimi." Sikuinuka. Akarudia. Nikamwambia kwa ukali kwamba nasubiri mgeni wa maana, aende zake. Akashuka.

Mchana nilishuka kuuliza kama kuna aliyemwona mgeni wangu. Fundi akasema amekuja baba mmoja wa suti, simu imemzimikia, amebisha kwangu akafukuzwa. Wakamkalisha nao ngazini, huku chini. Amekunywa chai, amecheka na mstaafu, amewauliza mengi kuhusu wanavyoishi hapa. Alifurahi sana, fundi akasema. Alikuwa ananifariji.

"Nimekutetea, mwanangu. Nimemwambia asichukie. Hata tukibisha sisi, haitiki. Ndivyo alivyo."

Mgeni ameacha salamu. "Mwambieni nilibisha."

Nikakaa benchini. Bado bichi.

Jumapili, 9 Machi
Nimelia, kisha nikafikiri vizuri. Kosa si langu. Hodi ilikuwa nusu ya wazo! Watu wanabisha sana, lakini aliye ndani hana wa kumwambia kwamba huyu ni wa kufunguliwa. Hapo ndipo inapoingia programu mpya. Jina lake Karibu. Itasikiliza mlango, itambue sauti ya mtu wako, ikukumbushe kuinuka.

Mjomba atasubiri. Nitamweleza dada akitoka zamu. Ametoka jana kwa haraka mpaka kasahau ufunguo. Huu hapa mezani, kando ya pasi.

Kuna mtu anabisha. Nimeuliza nani.

"Mimi."

Mimi gani! Watu hawa hawachoki? Nimeziba masikio kwa pamba na naandika KARIBU kwa herufi kubwa, juu kabisa ya ukurasa. Bado anabisha. Ataondoka. Huwa wanaondoka.