Harusi ya Bénie na Taa za Gari Nyekundu

Jumapili, tarehe 5 Oktoba

Jumamosi ijayo binti yangu Bénie anaolewa. Mimi Harelimana, baba yake, ndiye nitakayempeleka kanisani, kwa gari yangu mwenyewe. Nyekundu. Milango miwili. Gari ya mbio, ya miaka ya tisini, imetoka Japani na usukani wake upande wa kulia. Hapa Ndosho, mtaa wetu wa Goma, hakuna nyingine. Watoto wa mtaa huisalimia gari kwanza, halafu mimi.

Shida ni moja: taa. Leo nimewasha motere, injini yenyewe, na taa tatu zimekataa kuzimika kwenye tablo, pale mbele ya usukani. Ya motere, ya breki za ABS, na ile yenye picha ya mutu aliyekumbatia mpira. Tena motere inakohoa ikipanda.

Mke wangu Uwimbabazi amesema tumkubalie bamwana wetu, Papa Julien, baba wa bwana harusi. Ana jip nyeusi, kubwa, haikohoi. Nimemwambia binti wa Harelimana hatatoka kwa Harelimana ndani ya jip ya mutu mwingine. Akasema ni mtoto wa huyo mutu mwingine ndiye anayemuoa. Haikuwa hoja.

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Uvumbuzi mkubwa! Gari yangu inasema. Nimeona video kwenye simu. Fundi anaeleza kwa lugha nisiyoijua, lakini mikono yake inaeleweka. Chini ya kapo, kile kifuniko cha motere, kuna kisanduku cheusi. Unaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, unafungua kontakti kwa ufunguo bila kuwasha motere, na taa ya motere inaanza kukonyeza. Unahesabu makonyezo. Hesabu ndiyo jina la ugonjwa.

Nimemkalisha Uwimbabazi ndani tuhesabu wote. Mbili, tano. Mbili, tano. Hapo ugomvi ukaanza. Yeye anasema baada ya kimya kirefu zinakuja mbili, kwa hiyo ni ishirini na tano. Mimi nasema tano ni kubwa, na kikubwa hutajwa kwanza. Hamsini na mbili. Akasema taa haijui heshima. Nikamtuma akaangalie maharagwe yake.

Kwenye video, hamsini na mbili ni kapta, kifaa kinachosikiliza motere ikigonga. Ugonjwa wa maana, wa gari ya mbio. Ishirini na tano ni hewa kuzidi mafuta. Hewa! Goma nzima ina hewa. Huo si ugonjwa.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Nimekwenda kwa fundi Katungu, garaji yake iko nyuma ya soko. Mwanamke wa Butembo, sauti yake inafika kabla hujamwona. Bila hata kufungua kapo ametangaza mbele ya wateja wote kwamba ni mabuji, zile plagi za kuwasha mafuta, na kwamba yeye hajawahi kukosea tangu azaliwe. Amebadilisha mabuji. Gari ikaendelea kukohoa. Akasema mabuji yalikuwa machafu hata hivyo.

Nikamwambia hamsini na mbili. Akachukua waya, akahesabu, akasema ishirini na tano. Nikashikilia yangu. Akaniuzia kapta ya zamani huku akicheka, akaifunga, na kabla sijafika rondipwe, mzunguko wa barabara, taa ikarudi. Niliporudi akaingiza mkono kwenye bomba la hewa, akakuta limepasuka, akalifunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Kikohozi kikaisha palepale. Akang'oa fyuzi moja ili gari isahau ugonjwa, akairudisha, na taa ya motere ikazimika. Alitaka niseme ishirini na tano kwa sauti. Nimesema gari ilikuwa imeshachoka kukohoa yenyewe.

Akaniambia gari iko sawa sasa. Breki zinashika. Hizo taa mbili zilizobaki nisiziguse mpaka vipande vya kubadilisha vipatikane Kampala. Nisiguse kitu chochote, amerudia mara nyingi. Huyu mama anajirudia sana.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Kikao cha familia mbili kwa Papa Julien, mtaa wa Mapendo. Nimeegesha gari nyekundu mlangoni, pua yake barabarani, ili kila anayeingia aipite.

Kosa. Papa Julien alichungulia ndani wakati nazima, akaona taa za tablo. Akauliza kwa upole kama Ndosho imeshafika Noeli. Wote wakacheka. Shangazi zake wakacheka. Bénie alifunika mdomo kwa mkono, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Halafu shangazi mmoja akasema gauni la bibi harusi ni pana, haliwezi kuingia kwenye gari ya milango miwili. Mwingine akasema jip ingefaa. Papa Julien akasema yeye hataki kumnyang'anya mutu haki yake. Alisema vizuri sana, na ndiyo maana niliumia.

Wakati wanajadili sosi ya karamu, nikatoka eti kupiga simu. Jip ilikuwa uani, milango wazi. Nikafungua kapo. Kuna kapta ya hewa, na fiche yake, kichwa cha waya za umeme, inashikwa na ulimi mdogo wa plastiki. Nikafinya, nikavuta. Fiche ikatoka. Kapo nikafunga polepole. Niliporudi nilikula sambusa nne. Kesho taa ya motere itawaka kwenye jip, Papa Julien ataogopa, na ataniachia nafasi. Hakuna aliyeumia. Ni fiche tu.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Papa Julien amenipigia asubuhi. Taa imewaka kwenye jip. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikajiandaa kumpa pole.

Hakuhitaji pole. Alisema amesikia kwa mke wangu kwamba mimi nazungumza na taa za magari, eti nije nimwokoe. Asante, Uwimbabazi.

Nimekwenda na mpango: nitikise kichwa, nitaje hamsini na mbili, niseme wiki mbili. Lakini nimekuta familia nzima imesimama uani kama wagonjwa wanaomngoja daktari. Bénie pia, na Julien mchumba wake, kijana mpole anayeniita papa kwa sauti ya chini. Papa Julien akafungua kapo, akainama pamoja na mimi, kichwa kando ya kichwa. Na fiche ilikuwa inaning'inia mbele ya macho yetu kama ulimi wa mbuzi.

Akauliza kile ni kitu gani.

Ningefanyaje? Nikairudisha. Nikaomba waya kwa ajili ya heshima yangu tu, nikang'oa fyuzi, nikasubiri, nikairudisha. Taa ikazimika. Wakapiga makofi! Julien alinishika mkono kwa mikono miwili.

Papa Julien akanisindikiza mpaka kwenye gari. Akasema ile fiche haitoki yenyewe, lazima ifinywe kwanza. Nikakubali kwamba ni ajabu. Akacheka taratibu na kunipiga begani.

Basi kikao cha jana kikamalizikia palepale uani. Kwa kuwa jip imepona mikononi mwa fundi kama mimi, Bénie atapanda jip. Gari nyekundu itatangulia msafara wote, na mimi usukani. Mbele kabisa! Nimerudi nyumbani nikiwa mshindi. Uwimbabazi ameuliza nimeshinda nini. Hawezi kuelewa mambo ya itifaki.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Gari ya mbele itapigwa picha. Mpiga picha ataingiza kamera dirishani. Je, dunia ione tablo ya Noeli? Haiwezekani.

Baada ya chai nimefungua tablo. Bisi chache tu, skrubu za kawaida. Nyuma yake kila taa ina balbu yake ndogo, unazungusha, inatoka. Nimetoa ya ABS. Nimetoa ya mutu wa mpira. Nimetoa na ya motere, isije ikabadilisha mawazo. Halafu nikaona ile ya betri. Hiyo huwaka unapofungua kontakti, na huzimika yenyewe motere ikiwaka. Haijawahi kunikosea. Lakini taa inayojua kuwaka inaweza kuwaka wakati wowote. Nimeitoa pia.

Nimerudisha tablo. Nimewasha. Giza safi! Gari mpya. Nimezunguka Ndosho nzima mpaka jioni, redio juu, ili watu waone namna hakuna kinachoonekana.

Bénie alikuja kukaa na mimi ndani ya gari. Nywele zake zimeshasukwa za harusi. Aliuliza kama nimehuzunika kwamba hatapanda na mimi. Nikamwambia nina kazi kubwa mbele. Alifuta vumbi kwenye tablo kwa mkono wa blauzi yake, polepole, pembe zote, kisha akashuka kwenda kujaribu viatu.

Nilikaa mle kidogo baada ya yeye kwenda. Redio ilikuwa imeanza kufifia. Stesheni mbaya.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Siku yenyewe. Mvua ilikuwa inanyunyiza. Gari ilichelewa kidogo kuwaka, ikawaka. Maua kwenye kapo. Taa kubwa za mbele nimewasha, waipa, redio, honi. Nyuma yangu jip na Bénie, nyuma ya jip magari ya ndugu, nyuma yao pikipiki. Mimi wa kwanza.

Tulishuka ile njia ya mawe ya volkano kuelekea lami, kuta pande zote mbili, pana kama gari moja na nusu. Redio ikanyamaza. Waipa ikasimama katikati ya kioo. Honi ikalia kama mwana-mbuzi. Halafu motere ikakata.

Nikageuza ufunguo. Tk. Nikatazama tablo. Hakuna taa hata moja. Kwa mujibu wa tablo, gari ilikuwa nzima kabisa.

Msafara wote ulianza kupiga honi. Majirani wakatoka, wakadhani ni shangwe, wakapiga vigelegele. Nikatabasamu, nikapunga mkono. Nilipunga muda mrefu. Mwisho Papa Julien akaja dirishani na koti lake la harusi limelowa.

"Bamwana, taa gani imewaka?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akatazama tablo, akanitazama mimi. Akawaita vijana. Walinisukuma mpaka palipo na nafasi mbele ya duka la mbao, jip ikapita, Papa Julien akatoa kamba ya kunivuta. Mimi nilibaki nimekaa, mikono kwenye usukani. Nilitaka kumwambia waende tu, waniache, padri anangoja. Binti mmoja tu ninaye.

Mlango wa jip ukafunguka. Bénie akashuka, viatu mkononi, gauni amelikusanya kifuani kama mzigo wa nguo za kufua, shangazi wakipiga kelele nyuma yake. Alitembea pekupeku juu ya mawe mpaka kwenye gari yangu.

"Papa, sogeza mkono."

"Gauni litachafuka. Gari imekufa."

"Naiona. Sogeza."

Akaingia. Gauni likaingia baada yake, kidogokidogo, likajaza gari mpaka kwenye kioo. Shangazi alikuwa na haki kuhusu upana.

"Sasa unaona njia?" akauliza.

"Hapana."

"Basi shika usukani tu. Papa Julien anaona."

Tukavutwa. Polepole, breki ngumu, usukani mzito kama jiwe. Hakukuwa na redio, kwa hiyo tulizungumza. Aliniuliza kama naikumbuka siku yake ya kwanza ya shule, jinsi alivyokataa kuachia shati langu. Nikamwambia nakumbuka, lilichanika. Akasema hata leo angeweza kulichana. Nilikuwa na kitambaa cha gauni lake usoni, hakuna aliyeweza kuona kitu.

Tumeingia uwanja wa kanisa kwa kamba. Watu walisimama. Mpiga picha alikimbia kurudi nyuma mpaka akaanguka kwenye maua. Nimemtoa binti yangu kwenye gari yangu, kwa mkono wangu. Papa Julien alishika mwamvuli.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Katungu amekuja nyumbani na betri yake, bila kuitwa. Ameona picha kwenye simu za watu. Amefungua tablo, ametazama matundu manne matupu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue amekaa kimya.

Halafu akaeleza, kwa sauti ya mtaa mzima. Kwenye gari za zamani kama hii, umeme unaoamsha alternateri, mashine ya kuchaji betri, unapita ndani ya balbu ya betri. Ukiitoa balbu, alternateri inalala. Gari inakula betri mpaka iishe. Hakukuwa na ugonjwa. Gari ilikuwa nzima, nimeiua kwa kutoa balbu ndogo kuliko ukucha. Akairudisha, akawasha, akapima. Inachaji. Uwimbabazi alimletea kiti na soda. Walicheka pamoja mpaka soda ikamtoka Katungu puani.

Nimewaacha wacheke. Nilikuwa nafikiri.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Nimefikiri siku mbili. Nimeelewa tatizo langu lote lilikuwa wapi. Ni tablo. Ukiwa na taa, una wasiwasi. Ukitoa taa, gari inakasirika. Gari ni chombo cha majungu.

Kwenye karamu nilikaa meza moja na Twagirimana, mvuvi wa kijiji cha Vitshumbi, rafiki wa Papa Julien. Ameipenda gari nyekundu. Leo tumekubaliana kwa simu, tunabadilishana. Yeye anachukua gari, atauliza baadaye kama barabara ya kwao inaipitisha. Mimi napata motere yake ya mtumbwi, ya zamani, ya kufunga nyuma. Nitaileta huku Ziwa Kivu. Papa Julien hana mtumbwi. Nimeuliza.

Twagirimana anasema wakati mwingine motere inazimika katikati ya maji, hajui kwa nini. Nikamuuliza ina tablo? Haina. Ina taa? Hata moja.

Sasa motere isiyo na taa hata moja, itaharibika kwa njia gani?