Birika la Bi Umi na Umeme wa Columbia Heights

Jumatatu, 12 Januari

Hatimaye Bi Umi kafika kutoka Mombasa. Mamake Lubna. Jumapili atatoa jawabu: bintiye ataolewa na mimi, Hussni, au na Abdulhalim, yule muuza simu wa mtaa wa Phillips mwenye meno mengi na manukato ya kutoa watu machozi. Nikimkosa Lubna, basi tena, maisha sina.

Lakini leo neema imenishukia! Bi Umi kaja na birika lake la umeme, kubwa, limeviringwa leso, kalipakata ndegeni kama mjukuu. Chai ya birika jingine hanywi. Kalichomeka hapa Columbia Heights, nyumbani kwa Lubna, maji yakawa vuguvugu tu. Akasema umeme wa Marekani hauna baraka. Abdulhalim akacheka. Mimi nikasimama, nikamwambia, Mama, niachie mimi. Niliuza balbu Mwembe Tayari, umeme naujua nje ndani.

Jumanne, 13 Januari

Nimekwenda na kalamu sikioni. Kalamu sikioni inatia watu adabu. Kibati chini ya birika kimeandikwa volti 240, ampea 10. Nikagawa kwa sauti ili Abdulhalim asikie: ukinzani wake omu 24. Nikazidisha: nguvu yake wati 2400. Hapa ukutani ni volti 120. Nusu! Basi na moto ni nusu. Nikamtangazia Bi Umi kwamba asubiri mara mbili ya kawaida, chai itachemka.

Akasubiri. Akaswali alasiri. Akarudi. Akatia kidole ndani ya maji, akakiacha humo, akanitazama.

Lubna, ambaye ni nesi na amekulia huku, akasema kwa Kiingereza kwamba ukinzani wa birika haubadiliki. 120 gawa kwa 24 ni ampea 5. 120 mara 5 ni wati 600. Volti nusu, ampea nusu, kwa hiyo moto ni robo. Abdulhalim alicheka hadi akapaliwa na tende. Nikasingizia baridi.

Alhamisi, 15 Januari

Ha! Abdulhalim kamletea Bi Umi birika la kioo, la hapa hapa, lenye taa za buluu. Bi Umi kashukuru sana, kisha kalipeleka bafuni kuchemshia maji ya kutawadha. Nimecheka peke yangu ndani ya basi mpaka watu wakahama viti.

Lakini kucheka hakuchemshi maji. Nimekwenda kwa Elisée, Mkongo anayeuza vyombo vya umeme vya mitumba, nikachukua transfoma. Nzito kama dhambi. Unaingiza 120, inatoa 240. Birika litapata wati zake zote! Elisée akanishika mkono, akaniambia attention, yaani angalia, ndugu yangu, kwanza uliza ukuta unabeba ampea ngapi. Nikamjibu ukuta haunywi chai.

Jumapili, 18 Januari

Siku ya jawabu. Sebule imejaa akina mama, mahamri, halua. Nikachomeka. Birika likanguruma! Likaanza kuimba! Bi Umi akainua mikono kuniombea dua. Abdulhalim meno yote kayaficha.

Pu! Giza.

Fyuzi. Nikairudisha. Pu! Nikairudisha tena, nikaishikilia kwa kidole. Transfoma ikafuka moshi, king'ora kikapiga kelele, jengo zima likatoka nje kwenye theluji. Bi Umi na ndara zake za Mombasa! Abdulhalim akavua koti akamfunika. Koti zuri, mshenzi yule. Nikajua nimekwisha.

Lubna akaja kando yangu, anatetemeka, akanipigia hesabu: wati 2400 gawa kwa volti 120 ni ampea 20. Fyuzi ya pale ni ya 15. Kisha akamgeukia mamake, mbele ya majirani wote, na safari hii kwa Kiswahili: anamtaka huyu huyu.

Bi Umi akafikiri, vidole vya miguu vikibadilika rangi. Akasema Abdulhalim ni mtu mwema, lakini alilicheka birika lake. Huyu mjinga ameliheshimu. Jawabu ni ndiyo, kwa sharti moja: mpaka nikahi ipite, nisiguse kitu chochote chenye waya. Nikigusa, harusi hakuna. Nikaapa wallahi. Nililia kweli, na machozi yakaganda mashavuni.

Jumatano, 21 Januari

Nikahi ni Ijumaa. Mimi ni mtu mpya. Hata simu yangu anaichaji jirani yangu Mugisha.

Leo nimekaa tu, mtulivu, nawaza ndoa. Ghafla likanijia: jiko! Jiko la umeme la nyumbani kwa Lubna, kubwa vile, haliwezi kushiba volti 120. Nimeuliza. Soketi iliyo nyuma yake ni ya volti 240! Fyuzi yake ampea 40! Ilikuwapo siku zote, nyuma ya masufuria! 240 gawa kwa 24, ampea 10, wati 2400, na fyuzi haitapepesa hata jicho. Plagi hazifanani, sawa, lakini plagi ni plastiki, na kisu ninacho.

Kiapo? Nimekitafakari sana. Kiapo kilihusu waya. Soketi ni tundu.

Hebu fikiria uso wa Bi Umi asubuhi ya harusi, chai inafoka, Abdulhalim anatazama! Kesho mama na binti wanakwenda Roseville kununua viatu. Mchele wa pilau utaletwa wakiwa hawapo, kwa hiyo Lubna amenipa ufunguo wa nyumba nikaupokee huo mchele. Aliniuliza kama kweli anaweza kuniacha mle peke yangu. Nikamwambia bila shaka. Akasema ananiamini.